Jiko la Mkaa Litoke Chumbani, na Gesi Ifuate Masharti Yake



Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa afya, kila ifikapo miezi ya Juni na Julai wenzetu wa pwani hujifunika shuka nzito kidogo, na basi. Kwetu sisi wa nyanda za juu, tunaoishi Njombe, Makete, Mufindi na milima ya Mbeya, ni miezi ambayo majani ya viazi huungua kwa umande ulioganda, na ndoo ya maji iliyoachwa nje hushika utando wa barafu alfajiri. Watu hawawezi kuishi hivyo bila moto ndani ya nyumba. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wataalamu wanaotoka sehemu za joto na kutuhubiria kwamba tusiwashe chochote ndani. Bibi wa miaka themanini akitoka kwenye semina ya namna hiyo hurudi nyumbani na kuwasha jiko lake kama kawaida, kwa kuwa baridi anayoisikia ni ya kweli.

Maoni yangu ni kwamba jiko la mkaa litoke kabisa katika vyumba vya kulala, lisirudi hata kwa usiku mmoja wa mgonjwa au mzazi. Na gesi ya mitungi, ambayo sasa inaingia katika nyumba nyingi za parokia zetu, isichukue nafasi ya jiko hilo kabla familia haijafundishwa namna ya kuitumia. Gesi ni rafiki mzuri, lakini ana masharti.

Nianze na mkaa. Watu wengi huogopa moshi, na wana haki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 duniani walikufa mapema kutokana na uchafu wa hewa ndani ya nyumba, hasa ule utokao kwenye kuni, mkaa na nishati nyingine za namna hiyo. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika waraka wake wa Laudato Si’ wa mwaka 2015, aliugusa moshi wa kupikia na wa kuotea moto kuwa ni jambo linalougua watu. Lakini kosa letu liko hapa: tukiona mkaa wa miwati umeshika vizuri, umekuwa mwekundu na hautoi moshi, tunasema sasa hauna madhara, tuuingize ndani. Kumbe mkaa uliokolea ndio unaotoa kwa wingi hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikohozeshi. Moshi wa kuni angalau humfukuza mtu chumbani. Hewa hii humlaza.

Inafanyaje kazi? Damu yetu ina chembe nyekundu zinazobeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwilini. Kaboni monoksaidi ikiingia mapafuni hushika chembe hizo kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mfano wake ni basi la abiria ambalo viti vyote vimekaliwa na watu wasiotaka kushuka: basi linatembea, lakini abiria halisi wamebaki kituoni. Ubongo na moyo hukosa oksijeni huku mtu anapumua kama kawaida. Hata kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hudanganyika, kwa sababu hakiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na damu yenye sumu hii. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu aliye hatarini.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, miguu kulegea na akili kuvurugika. Mtazameni jinsi zinavyofanana na malaria, au na chakula kibovu. Familia nzima ikiamka inaumwa kichwa na kutapika, wengine husema ni sumu, wengine husema tumerogwa. Mimi huuliza swali moja: mkienda shambani, kichwa kinapona? Wakijibu kwamba kufikia saa nne asubuhi huwa wamepona wote, na kesho yake alfajiri kinarudi, basi mchawi yuko kwenye jiko.

Jambo moja halisemwi vya kutosha, nalo ni kwamba nyumba zetu zimebadilika. Wazee wetu walilala na moto katikati ya nyumba miaka yote, na vijana hupenda kunijibu hivyo: mbona babu hakufa? Babu alilala chini ya paa la nyasi lililopitisha hewa kila upande, kwenye nyumba ya miti na udongo yenye nyufa, na mlango usiofunga sawasawa. Moshi ulimharibu macho na mapafu, lakini hewa ilipita. Leo tumejenga kwa matofali ya kuchoma, tumeweka mabati, silingibodi na madirisha ya vioo, na chini ya mlango tunasokota gunia baridi isipite. Nyumba ni nzuri, ya kumshukuru Mungu. Lakini jiko lile lile ndani ya nyumba hii limekuwa kitu kingine. Maendeleo ya nyumba yamelifanya jiko kuwa jeneza.

Injili inatuambia kwamba usiku ule wa baridi Mtume Petro aliota moto wa mkaa pamoja na watumishi. Wenye kusoma vizuri wataona kwamba walikuwa uani.

Na urefu wa milima yetu unaongeza hatari. Mji wa Njombe uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,500. Huku juu hewa ni nyepesi, oksijeni ni haba kuliko pwani, hivyo moto hauungui vizuri na mwili nao una akiba ndogo ya kuvumilia. Mtu aliyekunywa ulanzi yuko pabaya zaidi. Pombe humfanya ajione ana joto, kumbe mishipa ya ngozi imepanuka na joto la mwili linatoka. Halafu akilala hasikii kichwa kinapomuuma.

Sasa nije kwa mama mzazi, kwa kuwa hapa ndipo ninapogombana na akina bibi. Desturi ni kwamba mama akitoka kujifungua, chumba hufungwa, jiko huwekwa karibu na kitanda, na mtoto hufunikwa mpaka pua. Nia ni njema kabisa. Kichanga hupoteza joto upesi, na baridi inaweza kumwua, hasa aliyezaliwa na uzito mdogo. Bibi anajua hatari iliyopo, ila ametumia dawa isiyofaa. Dawa nzuri haina gharama: mtoto akiwa na nepi, kofia na soksi tu, awekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, afungwe kwa kanga, kisha wafunikwe wote wawili kwa blanketi, uso wa mtoto ukiwa wazi. Njia hii ya kangaruu ilianza kutumiwa na madaktari mjini Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za kutunzia njiti zilikuwa chache, na leo inatumika dunia nzima. Mama akienda kuoga, baba au bibi mwenyewe ampokee mtoto kifuani. Kuna akina baba wanaoona haya. Haya hiyo ipite.

Na mama aliye bado mjamzito asikae kabisa kwenye chumba chenye jiko la mkaa. Damu ya mtoto tumboni hushika sumu hii zaidi ya damu ya mama, na huchelewa kuiachia. Mama anaweza kuamka na kichwa kidogo tu, huku mtoto ameumia.

Baada ya mkaa, gesi. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Naunga mkono kwa mikono miwili, maana nimewatibu akina mama wengi mno wa kikohozi cha jikoni. Lakini jina lenyewe linasema kupikia. Huku kwetu mtungi hauishii kupika. Chakula kikiiva, familia husogeza viti na kuota, na usiku ukiwa mkali mtungi huhamia chumbani. Anayeuza mtungi hulitaja hilo kwa nadra sana, na anayenunua haulizi.

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Ikiungua vizuri, kwa moto wa buluu ulio imara, hutoa zaidi hewa ya ukaa na mvuke wa maji, na kaboni monoksaidi kidogo sana. Hapo ndipo inapoushinda mkaa. Lakini ikinyimwa hewa, moto hugeuka wa njano, masizi hushika sufuria na ukuta, na sumu ile ile ya mkaa huanza kutoka. Kwa hiyo mwenye gesi ajifunze kutazama rangi. Moto wa njano unaoyumba maana yake ni zima, fungua dirisha, safisha au mwite fundi.

Jiko la kupikia la gesi si chombo cha kupashia nyumba joto. Majiko mengi tuliyo nayo hayana kifaa cha kukata gesi moto ukizimika. Upepo ukiuzima, au uji ukifurika, gesi inaendelea kutoka. Yapo majiko maalumu ya kupashia joto, yenye vibao vinavyowaka vyekundu na kitambuzi ambacho huzima chenyewe oksijeni ikipungua chumbani. Anayeweza kununua anunue lenye kitambuzi hicho, asikubali lisilo nacho hata kama ni rahisi. Hata hilo ni la sebuleni, wakati watu wako macho, dirisha likiwa limeachwa wazi kwa upana wa kiganja. Kabla ya kwenda kulala linazimwa, na valvu ya mtungi inafungwa. Chumbani haliingii.

Kuhusu gharama, tupige hesabu pamoja. Jiko la kupashia joto lenye vibao vitatu, likiwashwa vyote, hula karibu gramu 300 za gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 6 utaisha kwa saa 20, yaani jioni tano za saa nne nne. Mtungi ambao ungepikia familia kwa wiki nyingi umekwisha kabla ya Jumapili! Ukiwasha kibao kimoja tu, ni gramu 100 hivi kwa saa, na kwa sebule ndogo chatosha kama nyumba imezibwa juu. Jambo jingine wasilolijua wengi: kila kilo moja ya gesi inayoungua hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji katika hali ya mvuke. Vibao vitatu kwa saa moja ni karibu nusu lita ya maji inayoelea chumbani na kuganda kwenye kuta za baridi. Ndiyo maana nyumba nyingine zilizoanza kuota gesi zimeota na ukungu mweusi pembeni, na watoto wenye pumu wamezidiwa. Dirisha lile la kiganja linatoa na unyevu huo.

Kwa hiyo mimi ningemshauri baba mwenye nyumba atumie fedha yake ya kwanza juu ya kichwa chake kabla ya kununua gesi. Nyumba ya mabati isiyo na dari ni kama sufuria isiyo na mfuniko. Joto lote linapanda na kutoka. Silingibodi, au hata mikeka ya mianzi iliyopigiliwa vizuri, hubakiza joto la watu wenyewe. Ziba nyufa za ukutani, weka pazia zito, tandika mkeka au zulia sakafuni. Lakini ukishaziba namna hiyo, moto wa aina yoyote usilale ndani tena, maana umeondoa zile njia zilizokuwa zikiwaokoa. Kwa kitandani, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, ikiwekwa nusu saa kabla ya kulala, inashinda jiko lolote. Kwa mzee au mtoto iondolewe anapoingia kitandani, isimwunguze.

Baridi yetu pia inausumbua mtungi wenyewe, na hili limeleta ajali. Propani hugeuka mvuke hata kwenye baridi kali, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani huchemka karibu na sifuri. Asubuhi ya baridi kali, propani ikiwa imekwisha tangulia, butani hubaki chini kama maji na haitaki kupanda. Ukiutikisa mtungi unasikia gesi imo, ukiwasha moto ni hafifu. Basi mtu anausogeza kwenye mafiga, au anaumwagia maji yanayochemka. Hapana! Msukumo ndani ya mtungi hupanda na unaweza kulipuka. Mtungi ukae wima mahali pasipopigwa na baridi ya usiku lakini penye hewa, usubiri jua likipanda, na kama familia ni kubwa ni afadhali kutumia wa kilo 15 ambao hausumbuki upesi kama mdogo. Kuulaza ubavu ili “itoke yote” nako ni hatari, maana gesi hutoka ikiwa maji na kuwaka kwa mlipuko.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, hutambaa sakafuni na kujaa mabondeni, chini ya vitanda, kwenye vyumba vya chini. Watengenezaji huitia harufu mbaya makusudi ili tuitambue. Ukisikia harufu hiyo usiku, usiwashe taa wala usizime iliyowaka, usiwashe kiberiti, usipige simu ukiwa ndani. Funga valvu kama unaifikia, fungua milango mpaka chini, toa watu wote nje, mwite fundi ukiwa mbali. Kutafuta mahali panapovuja ni kwa povu la sabuni kwenye maungio na mpira. Mapovu yakivimba ndipo hapo. Mpira wenye nyufa au uliopitisha muda ulioandikwa juu yake utupwe. Wapo wanaoufunga kwa utambi wa tairi la baiskeli. Siwezi kuelewa mtu anayenunua jiko kwa fedha nyingi na kubana fedha ya mpira.

Ningependa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo walichukue hili kabla ya baridi, mwezi Aprili au Mei, mnapokutana kwa sala. Dakika kumi zatosha: mtu mmoja alete mtungi wake, aonyeshe povu la sabuni na rangi ya moto. Akina mama wa WAWATA, ambao huenda kumpongeza mama aliyejifungua, wanaweza kwenda na blanketi na kofia ya mtoto badala ya gunia la mkaa. Na mapadre wetu, tangazo moja baada ya Misa ya Jumapili hufika kwenye nyumba ambazo muuguzi hafiki.

Mwisho ni kuhusu mtu aliyekutwa chumbani hajitambui, jiko likiwa ndani. Usikimbilie kumtikisa. Kwanza sukuma mlango na dirisha vifunguke, vuta pumzi ukiwa nje, ingia, mburute mpaka kwenye hewa safi. Wengi wamekufa kwa kuinama juu ya ndugu yao ndani ya chumba kile kile. Nje, kama anapumua mlaze ubavu. Kama hapumui na unajua kumpulizia, anza mara moja huku wengine wanatafuta usafiri. Usimpe maziwa. Najua yanasemwa sana, lakini sumu hii iko kwenye damu, haiko tumboni, na asiyejitambua atapaliwa na kufa kwa maziwa hayo. Dawa yake ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida sumu hupungua nusu kwa muda wa saa nne hadi tano, kwa oksijeni safi ya mashine ni saa moja na nusu hivi, kwa hiyo apelekwe kwenye kituo chenye oksijeni hata kama ni mbali kidogo kuliko zahanati. Waliolala naye nyumba moja waende wote, hata wanaosema hawajambo, na mjamzito atangulie. Mkifika, kabla ya kueleza homa na kutapika, mwambieni muuguzi wa zamu: tulilala na jiko ndani.